Wajina wa Mama Yake Mkubwa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tisa, saa nne na robo asubuhi, pale kitambaa cha bluu kilipovutwa kutoka ukutani na watu wakapiga makofi kabla hawajaona wanachokipigia.

Mzee Tofali alikuwa safu ya pili. Mwanzo walimketisha safu ya kwanza, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa utepe, lakini msafara wa Mkubwa ulipofika ikaonekana viti havitoshi, akaombwa asogee nyuma kidogo. Akasogea. Hakuona ubaya. Siku hiyo hata wangemwambia akae chini angekaa, kwa sababu zahanati ilikuwa inafunguliwa, na zahanati ilipewa jina la mkewe.

Kiwanja kilikuwa chake. Nusu ya mbele aliitoa bure, nusu ya nyuma akabaki nayo, na vyumba vyake viwili. Tofali zote za jengo alizifyatua yeye mwenyewe kwa kalibu yake, akazimwagilia maji asubuhi na jioni kama mtu anayenywesha ng'ombe. Saruji ilichangwa na akina mama wa mtaa, wengine mfuko mzima, wengine bakuli. Serikali ilitoa kibao kilichosema serikali inajenga.

Kitambaa kiliposhuka, jina ndilo lililoonekana kwanza. Herufi za rangi ya dhahabu, hakuna hata moja iliyokosewa: jina la mkewe, la baba yake, la babu yake. Kisha Mzee Tofali akainua macho juu ya jina, akaiona picha.

Ilikuwa picha ya mwanamke asiyemjua. Mama mnene, mwenye miwani mikubwa na mkufu shingoni, ameketi kwenye kiti cha kuchongwa, anawatazama watu kama anayesubiri wamalize waondoke.

"Huyo nani?" aliuliza shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, aliyeketi pembeni. Hakunong'ona. Tangu utoto hakujua kunong'ona, ndiyo maana mtaani walimwita Redio.

"Labda mchoraji kakosea."

"Kakosea nini, shemeji? Dada yangu alikuwa mwembamba kama ufito. Na miwani kaivaa lini?"

Mkubwa akapanda jukwaani. Vyeo vyake vilikuwa vimebadilika mara nyingi hivi kwamba watu walichoka kuvifuata, wakabaki kumwita Mkubwa tu. Alitoa leso, akafuta jicho moja. Akasema leo mama yake mzazi amezaliwa upya. Akaeleza jinsi mama huyo alivyokuwa wa kwanza kuleta mashine ya kusaga nafaka, alivyosomesha yatima, alivyofariki miaka minane iliyopita na kuzikwa shambani kwao chini ya marumaru nyeupe. Mwisho akawashukuru wananchi wa mtaa huu kwa kumkumbuka bila kuombwa.

Watu wakatazamana. Kisha wakapiga makofi, maana mgeni akilia mbele yako huwezi kumwambia msiba si wake.

Mzee Tofali hakupiga. Mikono yake ilikuwa magotini, na vidole vilivyokaushwa na saruji havikutaka kukunjuka.

*

Mchana huo walikaa chumba cha mbele, watu watatu na mfuko mmoja wa nailoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi ya makubaliano. Redio ndiye aliyejua kusoma vizuri kuliko wote, akaisoma kwa sauti mara mbili, na mara ya tatu akaisoma kimoyomoyo akidhani labda maneno mengine yatajitokeza.

"Jengo litaitwa kwa jina la," akasema, "halafu jina lake. Halafu nukta."

"Endelea," Mzee Tofali akasema.

"Nimeshakuambia kuna nukta."

Siku ya kuandikishana, karani ndiye aliyeshika kalamu, na kwa haki ya Mungu aliuliza. Alisema, mzee, niongeze maelezo? Niandike mkunga wa mtaa huu, mke wa fulani? Mzee Tofali akakataa, tena kwa kujivuna kidogo. Mkewe alikuwa amewapokea duniani watoto zaidi ya mia nane. Kumweleza mtu kama huyo ilikuwa sawa na kumfanya mgeni. Mgeni ndiye anayeulizwa wewe ni nani na mke wa nani. "Andika jina," alisema. "Asiyemjua huyo, hakuzaliwa hapa." Watu waliokuwapo walicheka na kumpongeza. Maskini hana vingi vya kujivunia, na kila akijivunia kimoja, kinamgharimu.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, bado na gauni la kijani la kazi. Miaka sita alifulia watu nguo mpaka viganja vikapasuka kwa sabuni. Asubuhi ile ile alikuwa ameanza kazi ya usafi kwenye zahanati, kazi ya mshahara, yenye mwisho wa mwezi.

"Baba, unataka kufanya nini?"

"Kesho nakwenda ofisini. Waitoe ile picha."

"Picha ya mama yake Mkubwa. Uwaambie waitoe."

"Sina ugomvi na mama wa watu. Marehemu haombi picha. Lakini si yeye aliyekuwa akiamka na mfuko wake wa nyembe na uzi kuwafuata wazazi."

"Naelewa, baba."

"Unaelewa lakini?"

Binti akatazama gauni lake. "Lakini hili wamenipa leo," akasema. "Hata halijafuliwa."

*

Karani alikuwa kijana wa shati safi. Meza yake ilijaa mafaili, na juu ya mafaili palikuwa na kikombe cha chai na kipande cha mkate.

"Karibu mzee wangu. Hongera kwa zahanati."

"Asante. Nimekuja kwa habari ya picha."

"Imependeza sana ile."

"Si ya mke wangu."

Karani akameza mkate kwanza. "Jina si ndilo?"

"Jina ndilo."

"Limekosewa?"

"Halikukosewa."

"Basi mzee wangu, mkataba wetu ulisema jina. Picha hatukuandikishana."

"Bwana karani, wewe unajua jengo lile ni la nani. Wewe mwenyewe ulishika kalamu."

"Najua. Sasa sogea nikuonyeshe kitu." Akatoa simu, akaandika jina kwa kidole, akaigeuza ili mzee aone. "Unaona? Makao makuu walifanya hivi hivi. Huyu wa kwanza mwimbaji, alifariki kwa ajali. Huyu hakimu, alifunga watu wazito. Huyu mkimbiaji, ana medali tatu. Na huyu hapa, mama yake Mkubwa. Watu mashuhuri wenye jina hili wamepatikana wanne. Wakaniandikia barua: jengo ni la yupi kati ya hawa? Na fomu ina visanduku vinne. Ningefanyaje?"

"Ungesema hayumo."

"Hakuna kisanduku cha hayumo."

Mzee Tofali aliisogelea simu. Hakuwa msomaji, lakini nyuso alizielewa. Mwimbaji amefumba macho, hakimu amenuna, mkimbiaji anatoka jasho. Akatazama chini yao, kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu. Karani akamsaidia kwa kidole kusogeza. Orodha iliisha upesi. Chini kulikuwa na tangazo la sabuni.

"Nani anawaweka humu?" akauliza.

"Humu huingia watu wanaoandikwa."

"Na wanaoandikwa wanachaguliwa na nani?"

"Mzee, mimi ni karani tu." Akavuta kiti karibu, akashusha sauti kama anayemfanyia hisani. "Nikuulize. Kuta zilisimama bila paa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Mabati yalikuja lini?"

"Mwezi wa tano."

"Wiki moja baada ya mimi kujaza kile kisanduku. Wiki moja, mzee wangu, lori likawa limepaki mlangoni kwako. Wewe ulidhani mabati yale yalimfuata mkeo?"

Ndivyo alivyodhani. Siku ile lori lilipofika alikwenda nyuma ya nyumba kaburini akamwambia mkewe kwamba hatimaye wamemsikia. Alitazama mkate juu ya mafaili, na karani akadhani ana njaa, akausukuma upande wake. Hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

"Sijaja kula."

"Basi chukua hii." Ilikuwa barua, tayari imepigwa muhuri. "Nilikuwa naileta mwenyewe. Jana baada ya sherehe, dada yake Mkubwa alizunguka nyuma ya jengo kutafuta choo. Akaona kaburi. Jina la mama yake, majina yote matatu, yamechorwa kwa msumari kwenye saruji, na kuku amesimama juu. Mama wa watu alianguka. Alidhani amerogewa mzazi."

"Ni kaburi la mke wangu."

"Najua. Lakini wageni watakuwa wanakuja. Jengo lina jina hili, kaburi lina jina hili, na mwenye picha amezikwa kwingine. Unaona mkanganyiko? Mna siku kumi na nne mumhamishie makaburi ya ng'ambo ya mto."

"Makaburi mawili hayawezi kuwa na jina moja?"

"Yanaweza, mzee wangu. Ila si kwenye eneo hili."

*

Redio aliposikia, alivua kanga ya nyumbani akavaa ya kutokea. Alichukua daftari la hesabu lenye kurasa zilizobaki, akasema dada yake ana mashahidi wanaotembea. Mtaa ule wasichana na wanawake waliopewa jina la mkunga walikuwa thelathini na saba. Aliwahesabu kwa vidole, nyumba kwa nyumba, wajina wa marehemu, wengine wananyonya, wengine wameshaolewa. Kila mama aliyeponea mikononi mwake akapata mtoto wa kike, alimpa jina lile. Redio alitaka sahihi ya kila mama wa wajina.

Alizunguka siku tatu. Siku ya kwanza alipata tatu. Ya pili alipata mbili, na moja ilikuwa dole gumba la kikongwe asiyesikia. Ya tatu alirudi mapema.

Si kwamba watu hawakumpenda marehemu. Walimsifu mpaka chai ikapoa. Lakini Jumatano daktari wa zahanati alikuwa amesema kwenye foleni, kwa upole kabisa, kwamba mtaa wenye vurugu hunyimwa dawa, na kwamba yeye binafsi asingependa. Wakubwa hawana haja ya fimbo siku hizi. Wanasema wasingependa, basi.

Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo hakushusha hata mikono. "Dada yangu, tazama tumbo hili. Miezi saba. Nikitia sahihi, siku yangu ikifika nitapokelewa na nani?"

"Wewe mwenyewe ulipokelewa na nani? Na huyo wako mkubwa kapokelewa na nani, alipotanguliza mguu?"

"Na marehemu."

"Sasa?"

"Sasa si ndiyo nasema ni marehemu? Angekuwa hai ningetia sahihi mbili."

Nyumba ya mwisho, baba mmoja fundi cherehani alimkaribisha vizuri, akampa kigoda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakuna kidevu. "Mama Redio, usinichukie. Mwanangu shuleni walikuwa wakimtania kwamba ana jina la kizee. Tangu Jumanne anatamba kwamba ana jina la mama yake Mkubwa. Mwalimu kamketisha dawati la mbele. Nikamwambie nini, arudi nyuma?"

Redio aliinuka kutoka kigodani. Alifunga daftari akarudi kwa shemeji yake.

"Wangapi?" Mzee Tofali akauliza.

"Watano."

"Kati ya thelathini na saba."

"Na mmoja nadhani alidhani namwandikia chandarua."

Mzee Tofali akacheka, cheko fupi la puani, la kwanza tangu Jumanne. Kisha akarudi kwenye kalibu yake, kwa sababu kulikuwa na mtu amelipia tofali mia mbili, na saruji ikishachanganywa haisubiri huzuni ya mtu.

*

Jumatatu daktari alimwita binti ofisini. Binti aliingia na ndoo na dekio, akidhani kuna kilichomwagika.

"Weka chini. Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kiti, dekio likiwa katikati ya magoti.

"Unafanya kazi vizuri. Sakafu inang'aa, wagonjwa wanasema. Baba yako nasikia amekwenda ofisini tena Ijumaa."

"Alikwenda, dokta. Hakumkuta karani."

"Alikuwapo. Alitokea mlango wa nyuma." Daktari akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, ana wauguzi wawili na kitanda kimoja cha kuzalishia, na alikuwa ameahidiwa gari la wagonjwa. "Mimi sitaki kaburi la mama yako liguswe. Naweza kukwambia sheria inavyosema, ukaifikirie mwenyewe?"

"Niambie."

"Kaburi lenye jina linahamishwa na ndugu. Lisilo na jina, ambalo halijulikani ni la nani, serikali hairuhusiwi kulifukua. Linazungushiwa ua, basi. Linakaa hapo milele."

"Lakini lina jina."

"Ndiyo. Lina jina."

Nje mtoto alikuwa analia kwa sindano.

"Na kazi yangu, dokta?"

"Ajira yako ni ya majaribio ya miezi mitatu. Hilo ulilijua tangu mwanzo. Sijasema kitu."

Saa saba mchana, baba yake alipokwenda kupeleka tofali kwa mteja, binti alichukua tindo na nyundo kwenye ndoo ya zana. Alipiga magoti kando ya kaburi. Alianza na jina la babu, kwa kuwa babu huyo hakumjua. Lilitoka vipande vipande, si kwa taabu. Akaja la baba wa mama yake, aliyemwona mara moja akiwa mdogo. Lilimchukua muda. Lilipobaki jina moja, la kwanza, alikaa kitako akapumzika, na muuguzi mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza kama amemaliza kudeki wodi. Akasema bado. Akainua tena nyundo.

Mzee Tofali aliporudi aliliona kaburi kabla hajatua mkokoteni. Alisimama, mikono bado imeshika vipini.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, baba. Wamenieleza sheria tu."

"Sheria gani inayompa mtoto nyundo amfute mama yake?"

"Ulishafika kule ng'ambo ya mto? Mimi nimekwenda, Jumapili. Wanazika juu ya waliozikwa. Mvua ikinyesha maji yanapita katikati, wanakuta vitambaa vya sanda barabarani. Unataka tumtoe hapa tumpeleke kule? Hapa nikideki namwona dirishani. Kila siku namwona."

"Unamwona kama nani?"

"Kama mama. Mimi namjua. Wewe unamjua, mamdogo anamjua. Inatosha."

"Hata mimi nilisema inatosha," Mzee Tofali akasema. "Siku ya kuandikishana. Nilimwambia karani maneno hayo hayo."

Binti alirudisha tindo kwenye ndoo. Alikuwa na vumbi jeupe la saruji kwenye nyusi, na kwa mbali alifanana sana na baba yake.

Redio alitoka jikoni na sufuria mkononi. Alitazama kaburi, akamtazama mpwa wake, akaweka sufuria chini. "Mwanangu, umefanya vibaya," akasema. "Na mimi ningefanya hivyo hivyo. Sasa sijui tunakwenda wapi."

Hakuna aliyekula siku hiyo. Wali ulibaki kwenye sufuria, na asubuhi binti aliubeba kazini kwenye kibakuli, kwa kuwa njaa haijui kununa.

*

Siku ya kumi na nne, Jumanne nyingine, afisa wa afya alikuja. Alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye viatu vya mvua na ubao wa kuandikia, na alisalimia watu wote kwa mikono, hata binti aliyekuwa na glavu za kudekia. Karani alikuja naye. Daktari alitoka akasimama kivulini, mikono mifukoni mwa koti. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakageuza mabenchi.

Afisa alilizunguka kaburi. Alipapasa mahali saruji ilipochimbwa, akalitazama vumbi kwenye kidole chake. Akafungua fomu.

"Mzee, wewe ndiye mwenye kiwanja?"

"Nilikuwa, kabla sijatoa nusu."

"Fomu inataka mwenye kiwanja wa mwanzo. Nitakuuliza jambo moja tu, unajibu, unatia sahihi, namaliza. Lakini sitaki useme baadaye kwamba nilikutega, kwa hiyo nakueleza kwanza." Alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mahali pengi. "Ukinitajia aliyezikwa humu, naandika jina lake, na leo ndiyo siku ya mwisho, kwa hiyo kesho asubuhi anahamishwa. Kule hakuna saruji wala kibao, ni namba tu. Ukisema hujui ni nani, naandika halijulikani, unatia sahihi hapa, linawekwa ua, na hakuna mtu atakayeligusa tena. Hata Mkubwa mwenyewe."

"Nikisema najua, anaondoka."

"Ndiyo."

"Nikisema simjui, anabaki."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe," Mzee Tofali akasema, "wewe unajua ni nani?"

Afisa aliwatazama wagonjwa kwenye mabenchi. "Najua. Kutoka barabarani mpaka hapa nimeelezwa na watu sita. Mmoja kaniambia alimzalisha saa kumi alfajiri huku mvua inanyesha. Lakini fomu hainiulizi mimi."

"Wale sita wamekwambia wewe. Kwenye daftari walikataa."

"Mimi si daftari, mzee."

Karani akatazama saa. Daktari akakohoa, akasema bila kumlenga mtu kwamba wodini kuna maji yamemwagika na kuna mama yuko kwenye uchungu tangu asubuhi. Binti alilishika dekio lakini hakuondoka. Alikuwa anatazama mdomo wa baba yake.

"Shemeji, sema," Redio akasema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinong'ona.

"Niseme nini?"

"Sijui. Sema tu."

Mzee Tofali alishika kichwa cha kaburi kwa mkono mmoja, pale palipokwaruzwa. Miaka thelathini na moja waliishi pamoja. Kila alipokuwa akirudi kutoka kuzalisha, mkewe aligonga dirisha, na yeye kutoka kitandani aliuliza nani, ingawa alijua, na mkewe alitaja jina lake lote, matatu kwa pamoja, kama mtu anayejiandikisha, wakacheka. Midomo ya mzee ikatikisika. Watu kwenye mabenchi wakainama mbele. Binti akafumba macho.

Afisa alisubiri muda ambao serikali haimlipi mtu kusubiri. Hatimaye aliweka kalamu kwenye mstari, akasoma swali kama lilivyochapishwa.

"Aliyezikwa hapa ni nani?"